Tundu la Pili

Mimi nikitoboa ukuta, vumbi lenyewe huniomba ruhusa kabla ya kuanguka. Si majivuno haya. Uliza Junda nzima, uliza na Magogoni, uliza Kisauni yote ukipenda. Nimetundika televisheni kwa watu huku wenyewe wakila pilau chini yake, na waliosaza walisaza kwa shibe, si kwa mchanga. Wengine hutoboa kama wachimba kisima: wakimaliza, mwenye nyumba huita watoto wake kwa majina ili ajue nani yuko wapi ndani ya lile wingu. Mimi sina mambo hayo. Nina bahasha, nina selotepu, nina kikopo cha yogati, na juu ya shingo nina kichwa ambacho Mwenyezi Mungu hakuniwekea kwa ajili ya kofia peke yake.

Ndiyo maana dada yangu Swabra, siku ambayo wakwe zake walikuwa waje kutazama chumba chake cha harusi, alinipigia simu mimi.

"Uko wapi, we Jafar?"

"Niko njiani."

"Njia ya wapi?"

"Ya kuja kwako, dada. Wiki hii kuna njia nyingine?"

"Uko uwanjani. Nasikia mpira."

Nikangojea matusi, yasije. Hapo nikaacha kucheka, maana Swabra akikasirika husema sana. Akiogopa ndipo hunyamaza.

"Kioo bado kiko chini," akasema mwishowe.

Kioo chenyewe kililetwa na upande wa bwana harusi, Sameer, watu wa Likoni. Kikubwa, fremu yake ya rangi ya dhahabu, na kina tabia ya kumwonyesha mtu amenenepa kidogo kuliko alivyo, jambo ambalo mama yangu alilichukulia kuwa ni heshima. Niliahidi kukitundika siku ileile kilipofika. Kisha nikaahidi kesho yake. Kisha nikaacha kutaja siku.

Sasa kulikuwa na tatizo jingine, kubwa kuliko uvivu wangu. Kwetu bwana harusi ndiye anayekuja kwa bibi harusi, na chumba cha fungate huandaliwa nyumbani kwa mke. Anayekiandaa ni somo, mwanamke mzima anayemfunda bibi harusi, na somo wa Swabra alikuwa Bi Mastura, ambaye hajawahi kucheka tangu nimfahamu, na nimejaribu. Somo akishatandika kitanda, akakifukiza udi na kukinyunyizia asumini, mwanamume haingii tena chumba kile mpaka aingie bwana harusi mwenyewe. Na Bi Mastura alikuwa ameshatandika asubuhi ile.

"Sikiza," akaniambia Swabra. "Wanakuja baada ya Alasiri. Wakikiona kioo chao kimeegemezwa ukutani kama mlango wa choo, watasema zawadi yao tumeidharau. Nawe ukionekana umeingia mle, Bi Mastura atakitandua kitanda mbele ya watu, na yule shangazi yake Sameer, Bi Rahima, atalitangaza Likoni yote kabla ya Isha. Nitaolewa na aibu hiyo, Jafar. Nitakaa nayo kwa wakwe mpaka nizeeke."

"Tundu mbili tu, dada. Naingia, natoka."

"Na vumbi? Bi Rahima hupitisha kidole. Kwa Mwanarehema alipitisha kidole juu ya mlango, na mpaka leo wanamwita mke wa vumbi."

"Vumbi lanijua," nikamwambia.

Drili niliiazima kwa Musyoka, jirani yetu mwenye kibanda cha kuchomelea vyuma. Akanipa na kuniambia, "Irudi leo, buda. Jioni niko na job." Nikaapa. Siku ile kuapa kulikuwa kwepesi.

Nyumbani hakuna aliyenitilia maanani. Mama na wapishi walikuwa uani wakibishana juu ya nazi, na spika la harusi lilikuwa likipiga nyimbo kwa nguvu hata majirani walisalimiana kwa ishara. Bi Mastura alikuwa amekwenda kwake kuoga na kuswali Adhuhuri. Swabra, amejifunika kanga mbili, uso wote umepakwa liwa ya urembo, akanifungulia mlango na kunisukuma ndani.

"Usiguse kitanda. Usikitazame."

"Nikitazame na nini? Wewe mwenyewe kwa uso huo watisha watu."

Hakucheka. Akafunga mlango kwa ufunguo kwa nje, ili asiingie mtu kwa bahati mbaya. Nikaona ni akili. Sikujua kuwa hiyo ndiyo sauti ya mwisho ya kupendeza nitakayoisikia siku ile.

Chumba kilikuwa kizuri, sisemi uongo. Kitanda cha mvule cha miguu mirefu, shuka nyeupe zenye marinda yanayoshuka mpaka karibu na sakafu, mito imepangwa kama watu wanaongoja kupigwa picha. Asumini kila mahali. Ukiingia na jasho la mpira mle ndani unajiona kama mwizi. Nikavua viatu, nikavitia kwenye mkoba. Nikazima pangaboi, maana pangaboi na vumbi ni ndugu, ukimwalika mmoja amekuja na mwenzake. Nikakifunika kitanda kwa shuka kuukuu niliyokuja nayo, nikipapasa pembeni tu kwa ncha za vidole. Kisha nikapima, nikatia alama mbili za penseli ukutani, na chini ya kila alama nikabandika bahasha iliyofunguliwa mdomo.

Kikopo cha yogati ndio ufundi wangu. Unakitoboa kitakoni, unapitisha ncha ya drili pale, na mdomo wa kikopo unaukandamiza kwenye ukuta. Unapotoboa, vumbi linazunguka mle kikoponi halina pa kwenda. Likiponyoka, bahasha inalidaka. Polepole, usiikimbize drili, na unapumzika ili ukuta nao upumue. Nyumba yetu ni ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, na vumbi lake si vumbi la saruji. Ni jeupe, jepesi, laini kama unga wa ngano, na likikaa kwenye kitambaa halitoki mpaka kitambaa kichakae.

Tundu la kwanza likaenda vizuri. Kikopo kikajaa nusu, bahasha ikapata kidogo, sakafu haikupata kitu. Nikaibandua bahasha, nikaipandisha juu ya kabati pamoja na kifuniko cha kikopo nilichomwagia vumbi lake, nikarudi ukutani nikipiga mluzi.

Tundu la pili likaenda vizuri zaidi. Drili iliingia kama ukuta ulikuwa ukiningoja. Nikaihisi ikipenya ghafla ndani, ikawa nyepesi, nikaivuta. Nikatazama kikopo. Kitupu. Nikatazama bahasha. Hamna hata chembe.

Mtu mwingine angejiuliza. Mimi nikatoa simu.

Nikajipiga video, kwa ajili ya wateja. Nikakigeuza kikopo mbele ya kamera, nikaionyesha bahasha, nikasema kwa sauti ile ya matangazo: "Waone wenyewe, watu wangu. Tundu limekwisha, na vumbi hakuna." Nikaitazama mara mbili. Nilipendeza.

Ndipo nikainama kupuliza tundu kabla ya kutia kile kiplastiki chekundu kinachobana skrubu, nikaona mwanga. Tundu lilikuwa na mwanga ndani yake. Nikaweka jicho.

Kwa upande wa pili wa ukuta ule kuna stoo ya mama. Na katika ukuta wa stoo kuna kidaka, kile kishimo cha kuwekea vitu ambacho nyumba zetu za zamani zinacho, kimechimbwa ndani ya ukuta wenyewe, hivyo pale ukuta haubaki hata unene wa kiganja. Nakijua kidaka kile. Nimeiba ndani yake tangu sijafikia urefu wake, nikipanda juu ya ndoo. Kwa miaka yote hiyo nilikijua kwa upande wa stoo tu. Haikunijia hata siku moja kwamba kina mgongo, na kwamba mgongo wake ni ukuta wa chumba kile.

Ndani ya kidaka, karibu na jicho langu kiasi kwamba ningeweza kuhesabu, lilikuwa bakuli kubwa la kaure la mama, lile linalotoka kabatini kwa wageni wa maana tu. Limejaa visheti. Mama alikuwa amevivingirisha kwenye shira ya sukari usiku wake, na vilikuwa vyeupe kama visheti vinavyotakiwa kuwa. Juu ya weupe ule sasa kulikuwa na weupe mwingine, umelala kilimakilima, laini, mzuri wa kutazama. Vumbi langu lote, nililokuwa nikijisifu kwamba halipo, lilikuwa limekaa juu ya visheti vya wakwe wa dada yangu, na mtu asiyejua angedhani tumeongeza sukari kwa mapenzi.

Basi, nikajisemea, si kitu. Naenda stoo, nachukua bakuli, natupa, nasema nimekula mimi. Nitatukanwa, na nimezoea.

Nikaufikia mlango wakati ule ule vigelegele vilipopasuka barazani.

Wakwe hawakungoja Alasiri.

Nikasikia ukumbi ukijaa: viatu vikivuliwa, salamu juu ya salamu, mabuibui yakitundikwa, kicheko cha wanawake wanaojua hakuna mwanamume karibu. Kicheko hicho ukikisikia ukiwa mwanamume, nawe upo karibu, mgongo unapata baridi. Mlango wa chumba ulikuwa unafungukia ukumbini humo humo. Mlango mwingine hakuna. Dirisha lina nondo, nene, nilizipaka rangi mwenyewe. Na ufunguo ulikuwa kwa Swabra.

Nikamwandikia. *Nitoe.*

Akajibu upesi. *Siwezi. Wako mlangoni. Umemaliza?*

*Visheti vya kidakani vimeingia chokaa. Vyote. Mwambie mama asitoe.*

Nikaona anaandika. Anaandika. Kisha akaacha kuandika, na nikasikia sauti ya Bi Mastura ikipita mlangoni: "Simu ya nini wewe, na mikono ina hina? Nipe. Na ufunguo nipe."

Nikakaa sakafuni. Sijui kama umewahi kufungiwa mahali pazuri. Ukifungiwa pabaya unapiga kelele, unasukuma mlango, unakuwa mtu mwenye haki. Mimi nilikuwa nimezungukwa na asumini na mito ya hariri, na kila kitu humo kilinikataza kupumua. Nikipiga kelele, nimemvunjia dada yangu harusi. Nikinyamaza, wakwe zake wanakula nyumba yetu.

Nikarudi kwenye tundu. Nikajaribu kupuliza. Wazo lilikuwa kwamba nikipuliza kwa mrija wa kalamu, nilielekeze vumbi pembeni, liondoke juu ya visheti. Nikaichomoa kalamu, nikatia mrija, nikapuliza kwa pumzi yangu yote. Lile lililokuwa limebaki tunduni likatoka pia, likaenda lilikokwenda jingine, na sehemu yake ikanirudia usoni. Nikasikia kikohozi upande wa pili.

Nikaweka jicho. Bakuli lilikuwa palepale, na nyuma yake kulikuwa na weusi tu, kama nguo iliyotundikwa. Nikajiambia ni paka. Paka wetu hana kikohozi, lakini siku za harusi kila mtu huwa na lake.

Kilichobaki ni kioo. Wakiingia wakikute juu, na kioo kizibe tundu, na mimi nifikirie la visheti baadaye. Nikakitia kiplastiki chekundu kwenye tundu la pili, nikakisukuma kidogo kwa kidole. Hakikubana. Kikapita moja kwa moja, nikasikia kikitua upande wa pili, tap, juu ya kitu kikavu chenye sukari.

Nikafumba macho kidogo. Kisha nikakifunga cha pili kwa karatasi mpaka kikabana, nikakaza skrubu kwa mkono, nikakiinua kioo kile kwa kifua na mapaja huku nikimwomba Mungu kwa majina yote niliyohifadhi madrasa. Kikakaa. Kimenyooka. Ndani yake nikaona mtu mnene kidogo, mweupe uso mzima, nyusi nyeupe, kama aliyekufa akasahaulika kuzikwa.

Nikaiondoa shuka yangu kitandani taratibu, nikiikunja vumbi ndani. Nikapangusa sakafu kwa fulana. Nikafuta nyayo zangu. Nikatafuta kingine cha kufuta, na ufunguo ukaanza kuzunguka mlangoni.

Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu. Nikajitupa uvunguni mwa kitanda, mimi, drili, mkoba na shuka, na marinda meupe yakajifunga nyuma yangu.

Kutoka uvunguni dunia ni miguu tu. Miguu ya Bi Mastura naijua, hukanyaga kama inayopiga mhuri. Nyuma yake ikaingia miguu mingi, hina mpya, vikuku, kucha nyekundu, na mbele ya yote miguu mikavu ya mwanamke mzima, hina nyeusi kwenye nyayo, imesimama pamoja bila haraka. Pindo la buibui lake lilikuwa na weupe kidogo. Nikadhani amepitia jikoni, amegusa unga.

"Bi Rahima, karibu," akasema mama yangu, kwa sauti yake ya wageni, ile ambayo huwa nadhani ni ya mtu mwingine. "Karibu utazame."

"Natazama."

Akatembea. Miguu ikapita kabatini, ikasimama, ikaenda kwenye meza ya kujipambia, ikasimama. Nikajua kidole kinafanya kazi.

"Kioo mmekitundika," akasema.

"Tangu siku ileile kilipofika," akajibu mama yangu, naye alikuwa akiamini, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyomwambia.

"Mashallah. Na hapana vumbi." Kidole kikasikika kikipita juu ya fremu. "Hata hapa. Hata hapa. Kitanda pia safi, mto haukuguswa. Huyo fundi wenu ni nani? Nina ukuta kwangu."

"Ni kijana wangu, Jafar," akasema mama, na sauti ile ya wageni ikamponyoka kwa furaha.

Nililala kifudifudi na vumbi puani, nikajiona mtu. Sikatai. Kwa muda mdogo sana, humo uvunguni, nilijivuna.

"Joto lakini," akasema mmoja wa wale wa kucha nyekundu. "Hebu tufungueni pangaboi."

Nikakumbuka bahasha. Bahasha wazi, na kifuniko kilichojaa vumbi jeupe, juu ya kabati, chini ya pangaboi. Nikasikia swichi. Nikasikia mapanga yakianza kujivuta, taratibu, wuu, wuu.

"Zima," akasema Bi Rahima. "Nina kifua."

Likazimwa. Nikamwombea dua yule mama na kifua chake.

Hapo simu yangu ikatetemeka sakafuni, chini ya mbavu zangu. Musyoka, anataka drili. Nikailalia kwa uzito wote.

"Nini hicho?" akauliza Bi Mastura.

"Tumbo langu," akasema Bi Rahima. "Tangu Likoni sijatia kitu. Basi nyinyi nendeni mkale mkate wa sinia, mimi miguu yaniuma, nitakaa hapa kwenye kiti nipumzike. Niletee visheti tu, mama Swabra. Vile vya kidakani. Wengine usiwape, ni vyangu."

Nikamsikia mama akicheka kwa kupendezwa. Miguu ikatoka, ikarudi ya mama, sahani ikatua mahali, miguu ya mama ikaenda. Mlango ukarudishwa. Tukabaki wawili, yeye kwenye kiti karibu na kitanda, mimi chini, na katikati yetu marinda ya shuka.

Sasa nitakueleza hali yangu. Mwanamke huyu ndiye ambaye kesho dada yangu atamwita mama. Ana kifua. Ameshika sahani ya chokaa. Nikimwachia ale, akohoe, aumwe, atauliza wamempa nini, watatafuta, watafika kidakani, watafika ukutani, watafika kwangu. Nikisema neno moja, amenikuta mwanamume uvunguni mwa kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya Sameer. Kila upande niliogeuka kulikuwa na Swabra amekaa amejifunika kanga, uso wa liwa, ananyamaza.

Nikasikia sahani ikisogezwa. Nikasikia kisheti kikiokotwa. Visheti vikikauka vizuri vina sauti.

"Bismillahi," akasema Bi Rahima. Polepole, kama mtu anayempa nafasi mwingine.

Nikafumbua mdomo. Ulikuwa mkavu, umejaa vumbi langu mwenyewe.

"Usile," nikanong'ona.

Kisheti kikarudi sahanini.

"Usile, mama. Vimeingia... vimeingia chungu."

Kiti kikalia. Hakupiga kelele. Hakuita mtu. Nikaiona miguu ile ya hina nyeusi ikijipanga sawasawa.

"Chungu," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Wa rangi gani?"

"Weusi, mama. Wadogo. Wanauma."

"Weusi." Akavuta pumzi. "Mimi huko stoo nilikwenda mwenyewe, nimewatangulia wenzangu, kabla ya vigelegele. Nina desturi ya kutazama chakula kabla sijalishwa. Nikainamia kidaka, bakuli lile zuri. Na mbele ya pua yangu, ukutani, akatoka chungu wa chuma, anazunguka. Akanitemea buibui zima, akajisemesha, kisha akanipulizia. Huyo naye wa Kisauni?"

Mlangoni sauti ya Bi Mastura ikaita, "Bi Rahima, waongea na nani?"

"Na tumbo," akajibu, kwa sauti kubwa na tulivu. "Chumba chenu kizuri, Mastura. Hakuna mguu ulioingia humu tangu utandike. Nitawaambia hivyo Likoni."

Miguu ya Bi Mastura ikaondoka, ikipiga mihuri yake.

Marinda ya shuka yakainuka kidogo. Sahani ikaingia, inasukumwa kwa kidole cha mguu, taratibu, ikaja ikasimama mbele ya pua yangu. Visheti vilikuwa vimerundikwa, vyeupe mara mbili, na juu kabisa, kimesimamishwa wima kama mtu amefanya kwa makusudi, kilikuwa kiplastiki changu chekundu.

Nikafikiria maneno yote ninayoyajua. Lililobaki lilikuwa moja.

"Shikamoo, Bi Rahima."

"Marahaba, mwanangu. Kula."

Kisha nikamsikia akijiweka sawa kitini, akakohoa kidogo, na akiiga sauti yangu, ile ile niliyoitumia mbele ya simu, akasema:

"Waone wenyewe, watu wangu. Tundu limekwisha, na vumbi hakuna."